Kilo Nne na Nusu za Mbaraka

Mwanahamisi wa Kindu hakuwa mtu wa kusimuliwa habari zake. Alikuwa mke wa mchuuzi anayebeba bidhaa kwa baiskeli, mwanamke mrefu, mpole wa kinywa na mgumu wa kichwa, aliyeuza maandazi asubuhi mbele ya nyumba yake kwenye avenyu moja nyuma ya stesheni ya treni. Kama si ile safari ya mwaka themanini na mbili, tungemjua kwa maandazi tu, nayo, tuseme kweli, yalikuwa magumu kidogo.

Mwezi wa nne wa mwaka ule alijifungua mtoto wa kiume, mdomo wake wa juu umepasuka mpaka puani. Wakamwita Mbaraka. Wanawake waliokuja kumwona walisema mashallah kwa sauti ndogo, wakayahamishia macho kwenye vidole vya miguu yake na kuvisifia hivyo. Mtoto mwenyewe alikuwa mzima. Akilia kwa njaa, jirani wa nyumba ya tatu alijua saa. Ila akiwekwa kifuani alivuta hewa tupu, na maziwa machache aliyopata yakamtokea puani.

Aliyemwokoa wiki ile ya kwanza alikuwa Mama Euphrasie, muuguzi wa dispensari. Kwenye karatasi za serikali aliandikwa Onema peke yake, maana majina ya kizungu yalikuwa yamepigwa marufuku, lakini mtaani alibaki Mama Euphrasie. Alichukua kijiko cha chai, akakibana kwa koleo pande zote mbili mpaka kikawa kama mfereji mdogo. Akamfundisha Mwanahamisi kukamua maziwa yake kwenye kikombe, kumkalisha mtoto wima, na kumimina polepole nyuma ya ulimi. Kazi hiyo ilichukua karibu saa nzima kila mara, mara nane kwa siku. Mwanahamisi aliifanya bila kulalamika, na mtoto akanenepa.

Mwezi wa sita Mama Euphrasie akaja na habari. Daktari wa kushona midomo kama ule angefika kwenye hospitali moja ya misheni upande wa Kampene, angekaa wiki mbili, kisha angeondoka, na hakuna aliyejua angerudi lini.

"Lakini iko na sheria yake," akasema. "Mutoto wa chini ya kilo nne na nusu hamugusi. Anaogopa atamupoteza kwenye usingizi wa dawa."

Wakampima Mbaraka pale pale dispensari. Kilo nne na gramu mia saba.

Mwanahamisi akapiga hesabu kichwani. Malori ya Kampene yalikuwa yamekaa juu ya mawe kwa kukosa mafuta ya mazutu. Kwa miguu, kwa kusukuma baiskeli, ni siku sita. Kati ya mtoto wake na mlango wa hospitali ile kulikuwa na gramu mia mbili tu za kupoteza. Akainuka na kwenda kumwambia mumewe.

Mumewe, Amuri, alikuwa mtu wa njia. Alichukua samaki wakavu kutoka Lokandu, akauza chumvi na sabuni kwenye vijiji vya upande wa pili wa mto, akarudi na mawese. Baiskeli yake aliijua kuliko alivyojua ndugu zake wengine. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu: wangebeba nini?

Na hapo ndipo kazi ilipoanza. Avenyu ile ilikuwa na desturi yake. Mtoto anapotoka mjini mara ya kwanza, kila nyumba humpa kitu cha kwenda nacho, na kukikataa ni sawa na kuwatukana wenye nyumba. Kwa siku mbili vitu vikamiminika: beseni la enameli, mto wa pamba, termosi mbili, kofia ya sufi, godoro dogo, chandarua, kiti cha kamba. Mama mkwe, Bibi Hadidja, alileta sanduku la bati lenye nguo kumi na mbili alizozishona kwa mkono wake mwenyewe, kila moja na kola.

Amuri akaviinua kimoja kimoja kwa mkono mmoja, akifumba jicho, maana ndivyo alivyopima mzigo kabla hajaufunga.

"Kilo makumi mbili na nane," akasema. "Kinga, hii baiskeli, haiwezi kusema, njo maana ninaisemea mimi. Niko na chumvi ya kulipia malalo na chakula njiani. Kwa mutoto, kilo sita. Hapana zaidi."

Halafu akamweleza kanuni yake ya siku zote: kitu ambacho hakijafunguliwa mpaka jioni ya pili hakikuwa na haja ya kupanda baiskeli. Mwanahamisi akaifikiria kanuni ile usiku kucha. Tatizo lake, aliona, ni kwamba mtu anaijua jioni ya pili akiwa ameshafika porini.

Asubuhi akawaambia watu wa nyumba kwamba kesho anasafiri.

"Mupaka wapi?" akauliza Bibi Hadidja.

"Mupaka uani, mama."

Walidhani anatania. Lakini kulipokucha alichora mstari wa majivu mbele ya mlango wa nyumba, akatandika mkeka chini ya ukingo wa banda la kuku, akaweka vile alivyochagua, akakaa na mtoto. Aliapa kwamba hatavuka ule mstari mpaka asubuhi ya pili, na kisichokuwa upande wake hakipo. Majirani wakaja kuchungulia juu ya ua.

"Mama Mbaraka, umefika wapi?"

"Niko kilomita makumi mbili," akajibu, akiendelea kukamua.

"Basi utuletee mawese ukirudi."

Wakacheka, naye akacheka, lakini mstari hakuuvuka. Jua lilipokuwa katikati akajua kofia ya sufi haina kazi. Beseni akaligeuza, akaona kwamba kitambaa kibichi na kikombe cha maji vinamsafisha mtoto vilevile. Termosi ilikuwa nzito kuliko maji yaliyomo, na kopo tupu la maziwa ya unga, lenye kifuniko chake, lilichemsha maji upesi juu ya vijiti vitatu. Alasiri kijiko kikamponyoka, kikaanguka kwenye mavi ya kuku. Mpaka alipokiosha na kukichemsha tena, mtoto alikuwa amelia hadi akabadilika rangi. Mwanahamisi akatuma salamu kwa Mama Euphrasie: anahitaji kijiko cha pili. Usiku mbu wakamfundisha kwamba chandarua hakijadiliwi.

Siku ile nzima Bibi Hadidja alikuwa akitoka jikoni na kuleta sahani. Wali na samaki, uji wa karanga, tena wali, tena uji. Kwenye nyumba za waungwana, Waislamu wa zamani wa Kindu, mama mwenye mtoto mchanga hatii mkono kwenye chungu. Hulishwa na mama mkwe mpaka mtoto aote jino, na hakuna anayefikiri kwamba kuna jambo hapo, kama vile mtu asivyofikiria hewa. Mwanahamisi alikula, akarudisha sahani juu ya mstari wa majivu, akaendelea kuhesabu vijiko na nepi.

Asubuhi alikuwa na orodha yake. Vijiko viwili, kikombe cha enameli chenye kifuniko, kopo la kuchemshia. Vikwembe vitatu: kimoja cha mgongoni, kimoja cha kulalia, kimoja kikikauka juu ya baiskeli. Nepi nane zilizokatwa kwenye shuka kuukuu. Chandarua, kipande cha plastiki, sabuni. Na mizani ya Amuri, ile ya ndoano aliyopimia samaki, yenye uso wa shaba na kila mstari wake gramu hamsini.

Hapo Bibi Hadidja akakataa kabisa. Akasema amevumilia mkwe wake kulala na kuku, lakini hili hapana.

"Mutoto wangu hatundikwi kwa ndoano ya samaki ya Lokandu."

"Mama," akasema Mwanahamisi, "munganga ataangalia kilo, hataangalia kola. Nisipojua kilo zake njiani, nitajua siku ile wananikatalia mulangoni. Ile siku haina dawa."

Bibi kizee akaingia ndani. Baada ya muda akaonekana uani amechuchumaa, anaisugua ile ndoano kwa mchanga na ndimu. Aliisugua mara tatu, akainusa, akaisugua tena.

Kuhusu zawadi, Mwanahamisi alimbeba Mbaraka nyumba kwa nyumba. Kila mlango alikishikisha kiganja cha mtoto kile kitu alichopewa, akamwomba mwenyewe amtunzie mpaka arudi, maana sasa ni chake na njia ina wezi. Hakuna aliyetukanwa. Kilo za mzigo wa mtoto zikawa tano na nusu.

Mwezi wa Ramadhani ulionekana jioni ya kuamkia safari. Mwanahamisi alikuwa na nadhiri. Siku mtoto alipozaliwa, kabla hata hajaoshwa, alimwahidi Mungu kwamba Ramadhani ijayo atafunga siku zote kwa ajili ya mdomo ule, asiache hata moja. Hakumwambia mtu. Wenye kunyonyesha na wasafiri wana ruhusa yao, hilo alilijua tangu chuo cha Kurani. Lakini ahadi ni ahadi, naye hakuwa mtu wa kutafuta kipenyo.

Wakavuka Lualaba kwa mtumbwi alfajiri, baiskeli imelazwa katikati kama mgonjwa. Upande wa Alunguli kulikuwa na kizuizi cha askari. Walifungua kila kitu, wakachukua sabuni, kisha mmoja akaishika mizani na uso wake ukabadilika. Kwenye njia ya Kampene mtu mwenye mizani ni mtu anayenunua mawe ya wachimbaji, na mtu huyo ana maelezo ya kutoa.

Amuri akaanza kueleza habari za samaki, lakini samaki hawakuwepo. Mwanahamisi hakueleza. Alimshusha Mbaraka mgongoni, akamfunga kwenye kikwembe chepesi, akatundika fundo kwenye ndoano, akamwinua mbele ya askari. Mtoto akaning'inia na kumtazama yule mwanajeshi kwa makini, mdomo wake uliogawanyika ukiwa wazi. Askari akainama bila kutaka, akasoma sindano.

"Kilo nne na mia saba," akasema.

"Tunapeleka kwa munganga. Zikipunguka, hatamupokea."

Askari akamtazama tena mtoto. Akauliza kama ana kadi ya chama, maana chama kilikuwa kimoja na Mzairwa yeyote, raia wa nchi hiyo, ni mwanachama tangu tumboni, wenzake wakacheka, naye akamrudishia mizani. Sabuni hakuirudisha.

Jioni ya kwanza sindano ilisimama palepale, mia saba. Jioni ya pili ikasoma mia sita na hamsini. Amuri akasema ni umande, au ni fundo, au sindano imechoka. Walikuwa wanaamka kabla ya alfajiri ili wakwepe jua, wakinywa maji na kuanza kusukuma. Mchana kutwa yeye alitembea nyuma ya baiskeli akiwa na saumu yake na mtoto mgongoni, akisimama kila mara kando ya njia kukamua. Jua likizama walikula walichokikuta kwa wenyeji, ugali na sombe ya majani ya muhogo, kisha usingizi ukawaangusha.

Jioni ya tatu walifika kwenye kijiji cha wakamuaji wa mawese, wakapokewa na mama mmoja mtu mzima, Mkristo, jina lake Joséphine, mjane mwenye sauti nene na uwanja uliofagiwa vizuri. Kabla hata ya kukaa, Mwanahamisi akamtundika mtoto. Kilo nne na mia tano na hamsini.

Mstari mmoja tu ulibaki juu ya ile nusu, na njia ilikuwa katikati.

Akaenda kukamua. Yalitoka kama vijiko vitatu, na baada ya hapo hakikutoka kitu, hata alipokanda mpaka machozi yakamtoka. Mbaraka alivimaliza, akafungua mdomo kudai vingine. Amuri aliona kikombe, akageuka kutazama barabara walikotoka. Akasema kwa sauti ya chini kwamba labda warudi, kwamba daktari mwingine hatakosekana siku moja.

"Haturudi," akasema Mwanahamisi.

Alifungua furushi lote juu ya mkeka, kama alivyofanya uani. Akaitumia kanuni ya mumewe: nini hakijafunguliwa? Hakuna, kila kitu kilikuwa kimefanya kazi yake. Vijiko vyote viwili vilikuwa vyeusi kwa moshi, nepi zote zilikuwa zimefuliwa. Basi akajiuliza kinyume chake. Siku ile ya uani mtoto alishiba na kulala. Pale kulikuwa na kitu gani ambacho hapa hakipo? Akaikumbuka siku ile kutoka alfajiri, kitu kwa kitu: banda la kuku, mkeka, majivu. Mlango wa jikoni. Bibi Hadidja akitoka na sahani.

Alihesabu zile sahani kwa vidole. Zilikuwa sita.

Aibu na hasira zikampanda pamoja. Alikuwa amepima kila kitu isipokuwa kile kilichovuka mstari kila baada ya saa mbili na kuwekwa mbele yake. Na nadhiri yake, ambayo aliiona ni zawadi kwa mtoto, ilikuwa inamla mtoto mwenyewe, gramu hamsini kwa hamsini.

Jioni ile, baada ya futari, alimweleza Amuri yote, hata ile ahadi. Amuri alisikiliza. Akasema mambo ya nadhiri si ya mchuuzi kuamua, na akajiinamia. Hakumkataza, wala hakumruhusu.

Asubuhi jua lilipokuwa limeshapanda juu ya michikichi, Mwanahamisi alimwendea Mama Joséphine, akamwomba wali, uji wa karanga na maji mengi. Uwanjani walikuwapo wachuuzi wengine wawili wa Kindu waliolala pale, wamefunga, wanakaza mizigo yao. Mmoja, Matata, alikuwa anamfahamu Amuri. Alipomwona mwanamke wa nyumba ya waungwana amekaa katikati ya uwanja, sahani mapajani, akasimamisha mikono.

"Shemeji, jua haulioni?"

"Ninaliona."

"Basi ungeingia ndani, utusitiri."

Mwanahamisi akameza kwanza. "Ndani nitakula kama mwizi, na mwizi anakula haraka," akasema. "Mimi niko na sahani sita leo, shemeji. Nikijificha kwa kila moja, hatutafika. Siku zangu nitamulipa Mwenyezi Mungu, yeye na mimi tunajuana. Huyu mutoto hana siku za kulipa."

Matata akamtazama Amuri, kama anayengoja mume aseme neno. Amuri alikuwa amepiga magoti kando ya baiskeli. Alifungua mfuko wa chumvi, akapima nusu nzima, akampelekea Mama Joséphine, akarudi na sufuria ndogo yenye masizi, kikapu cha karanga zilizokaangwa, mchele, na kibuyu cha maji. Akavifunga pale chumvi ilipokuwa, akajaribu kwa kiuno chake kama baiskeli imekaa sawa. Kisha akamwambia Matata, bila kuinua uso, kwamba njia ni ndefu na yeye atangulie.

Kuanzia hapo walisafiri kwa namna nyingine. Kila walipopumzika Amuri, mwenye saumu yake, aliwasha vijiti na kupika, mate yamemkauka, akampa mkewe sahani na kugeuza uso. Njiani Mwanahamisi alitafuna karanga hatua kwa hatua. Wapo waliomsonya. Mzee mmoja alimwita mpagani, naye akamsalimia kwa heshima na kupita, shavu moja limejaa.

Jioni ya nne sindano haikushuka. Jioni ya tano ilipanda mstari mmoja, na Amuri akaisoma mara mbili, kisha akaomba aishike yeye mizani, akaisoma tena. Siku ya sita mchana waliuona uwanja wa hospitali na mstari wa akina mama.

Muuguzi wa mlangoni alikuwa kijana mwenye haraka, Henri, ambaye alikuwa amesharudisha wawili asubuhi ile. Alinyoosha mikono ampokee mtoto ampime.

"Kilo nne na mia sita," akasema Mwanahamisi kabla hajamwachia.

Henri akatabasamu kama wanavyotabasamu watu waliosikia mengi. Akamlaza Mbaraka kwenye sahani ya mizani yake nyeupe, akasogeza chuma, akangoja kitulie. Akaandika. Halafu akauliza, kwa adabu ya namna nyingine, alijuaje.

Mtoto alishonwa kesho yake asubuhi.

Waliporudi Kindu, Bibi Hadidja alimshika mjukuu wake mwangani, akafuata ule mshono kwa kidole bila kuugusa, akasema kwamba amefanana na babu yake, jambo ambalo hakuwahi kulisema. Habari ya sahani alisimuliwa na Amuri. Alikaa nayo siku mbili. Siku ya tatu akamwita mkwe wake jikoni, akamwambia akae kwenye kigoda, akamwonyesha jinsi anavyopika ule uji wa karanga, maji kiasi gani, chumvi lini. Mtoto alikuwa bado hajaota jino. Na siku ambazo hakufunga, Mwanahamisi alizilipa zote, nyingine mwaka uliofuata, bila kumhesabia mtu.

Vijiko viwili vilivyobanwa vilitundikwa kwenye msumari juu ya jiko, na kimoja kiliazimwa kwenda Kibombo kikabaki huko. Wanawake wenye safari wakazoea kumjia. Wanachora mstari wa majivu, wanatandaza vitu vyao kwenye mkeka, wanangoja aondoe hiki na kile. Yeye hukaa na kuvitazama vyote, beseni, kofia, termosi, kama asiyeviona. Halafu anamtazama mama.

"Na wewe," anauliza, "utakula nini, na saa ngapi?"

Wengi wanacheka, wakidhani ni maneno ya kuanzia mazungumzo. Yeye hacheki. Anangoja jibu, mikono magotini, na huko nje nyuma ya stesheni unamsikia Mbaraka, aliyeshajifunza kupiga mluzi na anaambiwa kila siku na bibi yake aache, akipiga mluzi.